Mashahidi wengi, chanzo kimoja: Somo kutoka kwenye picha ya usiku

Baada ya swala ya Isha, katika baraza letu la kahawa jirani na msikiti, kijana mmoja wa mtaani alitoa simu yake akatuonesha picha. Kijana huyu anaendesha maisha yake kwa kupiga picha za harusi na mahafali ya madrasa, lakini picha ile haikuwa ya bwana harusi. Ilikuwa ni picha ya mbingu ya usiku, aliyoipiga ufukweni Bagamoyo mwezi wa Julai, usiku usio na mbalamwezi. Mkanda wa nyota unakatiza anga toka upande mmoja hadi mwingine, una weupe, una wekundu hafifu, na katikati yake kuna mistari myeusi kama moshi. Kila aliyeishika simu ile alisema "Subhanallah" kabla ya kumpa mwenzake.

Simu ikafika kwa mzee wetu mmoja ambaye sote tunamwita Babu. Akavaa miwani, akaitazama kwa kitambo, kisha akasema: "Mimi nimezaliwa Bagamoyo na nimevua usiku miaka na miaka. Ule weupe naujua. Lakini hizi rangi sijaziona hata siku moja. Hii umeitengeneza." Kijana hakukataa. Akajibu: "Babu, hii si picha moja. Ni picha thelathini na sita, nimeziunganisha." Babu akamrudishia simu yake. "Basi umedanganya mara thelathini na sita."

Watu walicheka, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari. Mimi sikucheka. Nilikuwa na sababu yangu, ambayo nitaieleza huko mbele. Lakini niliporudi nyumbani niliona kuwa Babu ametupa swali zito kuliko alivyodhani mwenyewe. Je, picha iliyotokana na picha nyingi ni kweli au ni uongo? Na zaidi ya picha, je, wingi wa wanaosema jambo ndio unaolifanya jambo hilo kuwa kweli? Ndugu msomaji, katika zama hizi ambapo habari moja inatufikia mara ishirini kabla ya adhuhuri, hili si swali la wapiga picha peke yao.

Chenga zinatoka wapi?

Yeyote aliyewahi kupiga picha usiku kwa simu anazijua chenga. Ukuta wa rangi moja unatoka na vidoadoa kana kwamba umemwagiwa mchanga. Anga nyeusi inatoka na punje nyekundu, za kijani na za buluu. Wengi wetu tunadhani huo ni ubovu wa kamera tu. Kwa sehemu ni kweli, lakini sehemu nyingine inatokana na maumbile ya nuru yenyewe.

Nuru haiji kama maji ya bomba yanayotiririka bila kukatika. Inakuja punje kwa punje, mfano wa matone ya mvua. Chukua ndoo mbili zinazofanana, uziweke uani wakati wa manyunyu, kisha uhesabu matone yanayoingia kwa dakika moja. Ndoo moja inaweza kupata matone 90 na nyingine 110, ilhali mvua ni ileile na ndoo ni zilezile. Mvua ikiwa kubwa, tofauti hiyo huitambui. Ikiwa ni manyunyu tu, tofauti inakuwa kubwa ukiilinganisha na kile kidogo kilichoingia. Ndani ya kamera kuna mamilioni ya vindoo vya namna hiyo, vinaitwa pikseli. Mchana vinajaa nuru. Usiku kila kimoja kinaambulia matone machache, na vindoo viwili jirani, vilivyotazama sehemu ileile ya anga, vinaleta habari mbili tofauti. Hizo ndizo chenga.

Kuna na chanzo cha pili. Mpiga picha wa usiku hulazimika kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu ili akusanye nuru. Muda wote huo, kile kifaa cha ndani kinachopokea mwanga huwa kina joto lake, na joto hilo huzalisha umeme ambao kamera inauhesabu kana kwamba ni nuru iliyotoka nje. Joto likipanda kwa nyuzi 6 hadi 8 hivi za Selsiasi, umeme huo huongezeka takriban mara mbili. Zaidi ya hayo, zipo pikseli zenye kasoro, ambazo hutoa kidoa chekundu au cha buluu pale pale kila picha, hata kama mbele yao hakuna kitu.

Sasa, kwa nini kijana yule hakuiacha lenzi wazi kwa dakika 9 mfululizo akapata picha moja? Kwa sababu dunia haisimami. Inazunguka nyuzi 15 kwa kila saa, na katika dakika 9 mbingu husogea machoni petu kwa nyuzi 2 na robo, ambazo ni zaidi ya mara nne ya upana wa mwezi mpevu. Nyota zingekuwa mistari. Na gari moja tu likipita na kuwasha taa, kazi yote imeharibika. Kwa hiyo alipiga picha 36, kila moja sekunde 15, na jumla yake ni zile dakika 9.

Wengi wanaona asichokiona mmoja

Baada ya hapo aliziingiza kwenye kompyuta. Programu ikazipanga moja juu ya nyingine kwa kufuata nyota, hata kila nyota ikakaa juu ya nafsi yake katika picha zote. Kisha kwa kila nukta ikatafuta wastani wa zile habari 36.

Hapa ndipo penye hekima ya jambo lenyewe. Nyota ipo katika picha zote, mahali pamoja. Chenga hazipo hivyo. Katika picha hii nukta imezidi, katika ile imepungua, katika ya tatu imezidi tena. Zikikutanishwa, chenga zinapingana zenyewe kwa zenyewe na kufutana, wakati nyota inathibitishwa na kila picha inayoongezeka. Kanuni yake inajulikana: chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Picha 4 zinazipunguza hadi nusu, picha 16 hadi robo, picha 36 hadi sehemu moja ya sita, na picha 100 hadi sehemu moja ya kumi. Angalia vizuri hesabu hiyo. Hatua ya kwanza ya usafi inagharimu picha 4, ya pili inagharimu 16. Kadiri unavyotaka kuikaribia kweli, ndivyo bei yake inavyopanda.

Njia hii si mchezo wa vijana wa ufukweni. Mwezi Desemba 1995, darubini ya angani ya Hubble ilielekezwa kwenye kipande kidogo sana cha mbingu, katika kundi la nyota la Dubu Mkubwa, mahali palipoonekana kama patupu. Kwa siku 10 ikapiga picha 342. Zilipounganishwa, pale palipodhaniwa hapana kitu pakaonekana galaksi takriban 3,000, nyingine hafifu mno kiasi kwamba picha moja peke yake isingeweza kuzitenganisha na chenga. Na tangu 2018, simu za Pixel za Google zimekuwa na mtindo wa kupiga picha za usiku ambao kwa siri hukusanya hadi picha 15 kwa mguso mmoja wa kidole, na kampuni nyingine zina njia zinazofanana na hiyo. Kwa hiyo hukumu ya Babu, kama ni sahihi, inaziangukia pia picha nyingi za wajukuu zake zilizopigwa sebuleni usiku.

Jicho letu halina uwezo wa kukusanya nuru kwa dakika 9. Linaona, linaachia, linaona tena. Na katika giza, zile chembechembe za jicho zinazotambua rangi hazipati nuru ya kutosha kufanya kazi, ndiyo maana Babu aliona weupe tu. Zile rangi zilikuwepo juu ya ngalawa yake miaka yote hiyo. Karne nyingi kabla ya kamera, mwaka 964, mwanachuoni Abdul-Rahman al-Sufi aliandika kitabu cha nyota akataja humo wingu dogo, ambalo leo tunajua kuwa ni galaksi ya Andromeda. Aliandika alichokiona, wingu. Hakukosea, na wala picha za leo zinazoonesha mamilioni ya nyota ndani ya wingu lile hazimpingi.

Jibu la kwanza basi ni hili: picha ya kijana si uongo. Hakuongeza kitu katika mbingu. Alichofanya ni kuwauliza mashahidi 36 badala ya mmoja. Lau tungeishia hapa, tungetoka na somo jepesi kwamba wengi huwa wamepatia. Na hilo, ndugu msomaji, ndilo kosa lililonitia mimi aibu ambayo bado ninayo.

Sababu iliyonizuia kucheka

Miaka michache iliyopita uliingia ujumbe kwenye simu yangu. Ulisema kwamba ustadhi wa madrasa fulani, mahali nisipopataja, amekula michango ya mayatima. Alipoutuma mtu wa kwanza sikuujali. Akaja wa pili kutoka kundi jingine. Mpaka magharibi nilikuwa nimeupokea kutoka kwa watu 11, na miongoni mwao wamo ninaowaheshimu kwa elimu na umri. Nikajiambia moyoni: watu kumi na moja hawawezi kukosea wote. Nikauingiza kwenye kundi la familia yetu na kundi la wazazi.

Haikupita wiki mbili, nusu ya watoto walikuwa wameondolewa katika madrasa ile. Ustadhi akahama na familia yake. Baadaye kamati ilikaa ikapitia daftari moja baada ya jingine, haikupungua hata shilingi. Ikabainika kuwa aliyeanzisha ni mtu mmoja aliyekuwa na ugomvi naye wa kodi ya nyumba, akaandika kile anachokishuku. Basi wale 11 hawakuwa wameona chochote. Wote walikuwa wameletewa ujumbe uleule mmoja.

Usiku ule wa picha nilimvuta kijana pembeni nikamuuliza: "Hivi ukichukua picha moja, ukainakili mara 36, ukaziunganisha hizo nakala, utapata nini?" Akanishangaa. "Utapata ileile, mzee wangu, na chenga zake zote. Chenga hazifutiki mpaka kila picha iwe imepigwa kivyake."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi ya dhambi yangu kuliko hayo. Nilidhani nina picha 11, kumbe nina moja iliyonakiliwa mara 11, na mimi nikawa wa 12.

Na la kusikitisha zaidi ni kwamba Waislamu sisi hatukuwa na haja ya kusubiri kamera ituambie hayo. Wanazuoni wetu wa hadithi walilitenganisha jambo hili waziwazi karne nyingi zilizopita. Hadithi mutawatir kwao haikuwa tu hadithi iliyosemwa na wengi. Walishurutisha kwamba wingi huo uwepo katika kila tabaka la wapokezi, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwamba iwe muhali kwa wapokezi hao kuafikiana juu ya uongo, na kwamba mwanzo wa habari uwe ni kitu kilichoonwa au kusikiwa, si kilichodhaniwa.

Chukua hadithi mashuhuri ya nia, ile ambayo Imam Bukhari alifungulia kitabu chake. Leo inajulikana kwa kila mtoto wa madrasa. Lakini katika vizazi vya mwanzo ilipita kwenye njia moja nyembamba: Umar bin Khattab (r.a.), kisha Alqama bin Waqqas, kisha Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, kisha Yahya bin Said al-Ansari. Kwa Yahya ndipo ilipotawanyika kwa watu wengi mno. Wanazuoni hawakuuona umati ule wa baadaye wakasema hii ni mutawatir. Walihesabu pale njia ilipokuwa nyembamba kuliko pote, wakakuta ni mtu mmoja mmoja. Na pamoja na hayo wakaikubali kuwa ni sahihi, kwa sababu kila mmoja katika wale alichunguzwa akaonekana ni mwadilifu na mwenye kuhifadhi. Kwa lugha ya kijana wetu, picha moja iliyo safi waliithamini kwa usafi wake, na nakala elfu hawakuziita picha elfu.

Surat Nur inatufundisha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Aya ya 4 inataka mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke mwenye kujihifadhi, na asiyewaleta anapigwa mijeledi 80 na ushahidi wake hapokewi. Aya ya 15, katika kisa cha Bi Aisha (r.a.), inawalaumu wale waliopokezana habari kwa ndimi zao na kuyasema wasiyokuwa na elimu nayo, wakidhani ni jambo dogo. Habari ile ilienea Madina kwa watu wengi, lakini wingi ule haukuzalisha hata shahidi mmoja.

Kosa lisilofutwa na wingi

Tuseme sasa kila picha imepigwa kivyake. Je, tumesalimika? Bado. Tulisema kwamba zipo pikseli zenye kasoro, zinazotoa kidoa pale pale kila mara. Kidoa hicho kipo katika picha zote 36, sawa na nyota. Ukitafuta wastani, hakifutiki. Kinyume chake, kinathibitika. Vivyo hivyo mwanga wa taa za mji unaopanda angani: upo katika kila picha, na wastani hauwezi kuuondoa.

Dawa ya pikseli mbovu ni ya ajabu. Mpiga picha hukifunika kifuniko cha lenzi, kisha hupiga picha tena kwa muda uleule na joto lilelile, huku kamera ikiwa haioni chochote. Wao huiita picha ya giza. Chochote kitakachoonekana humo hakikutoka mbinguni, kimetoka ndani ya kamera yenyewe. Kijana wetu alipiga 20 za namna hiyo, akazitafutia wastani, kisha akautoa katika kila picha ya nyota.

Hebu tujiulize, ni wangapi miongoni mwetu tunaopiga picha ya giza ya nafsi zetu? Watu wa kundi moja, wa msikiti mmoja, wa chama kimoja au wa kabila moja wanaweza wakaona jambo kila mtu kwa jicho lake, bila kunakiliana, na bado wote wakakosea upande uleule, kwa kuwa wote wana chuki ileile au mapenzi yaleyale. Wengi wao hauwasaidii kitu. Kinachowasaidia ni kujifungia kwanza na kujiuliza: kabla sijaambiwa chochote kuhusu mtu huyu, nilikuwa namuonaje? Mimi, kwa mfano, nilipojichunguza niligundua kuwa nilikuwa na kinyongo kidogo na ustadhi yule kwa sababu aliwahi kumuadhibu mtoto wa dada yangu. Kidoa kilikuwa ndani ya kamera yangu kabla ya ujumbe kufika.

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo karibu mwaka 1040, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manazir kwamba tunaona kwa nuru inayoingia jichoni, na alichunguza jinsi nuru inavyopita katika tundu dogo kuingia chumba cha giza, ambao ndio msingi wa kamera. Bwana huyu huyu, katika kitabu chake cha kumkosoa Ptolemy, aliwahimiza watafutaji wa haki wasiwaamini wakubwa wa elimu kwa ukubwa wao, kisha akawataka waitilie shaka na nafsi ya mchunguzi mwenyewe. Huko kujitilia shaka ndiko sisi tunakokuita muhasaba.

Kimondo kinachopita mara moja

Hata hivyo, kuna upande mwingine ambao nisipousema nitakuwa nimedhulumu. Wapiga picha wana njia nyingine badala ya wastani: kwa kila nukta huchukua thamani ya katikati, na zile zilizo mbali na wenzake hutupwa. Ndege ikikatiza katika picha moja kati ya 36, njia hii huifuta kabisa. Picha inatoka safi. Lakini ndege ile ilikuwepo kweli. Na kama badala ya ndege kingekuwa ni kimondo, kitu kilichopita mara moja kwa sekunde moja na hakitarudi, nacho kingefutwa, na picha ingesema kwamba hakikutokea.

Hapa ndipo njia ya wengi inapofika mwisho wa uwezo wake. Ni nzuri kwa kitu kinachodumu, ambacho kila shahidi anaweza kukirudia. Kwa jambo lililotokea mara moja mbele ya mtu mmoja, kumfuta kwa sababu tu hakufanana na wenzake ni dhulma. Ngapi dhulma za majumbani, za maofisini na hata za madrasa zina shahidi mmoja tu, naye ni yule aliyedhulumiwa? Shahidi mmoja anaweza asitoshe kumtia mtu hatiani, lakini hiyo si sababu ya kumwambia kuwa hakuona.

Imepokewa katika Sunan Abi Dawud kwamba watu walitafuta mwezi, Abdullah bin Umar (r.a.) akamweleza Mtume (s.a.w.) kuwa ameuona, naye Mtume akafunga na akaamuru watu wafunge. Mtu mmoja. Hakuambiwa kwamba kwa kuwa wengine hawakuuona basi hakuuona. Kilichoangaliwa ni nani anayesema, na kwamba ameona kwa macho yake.

Kufuta vumbi na kuchora

Limebaki jambo moja, nalo ndilo ambalo Babu angelihoji lau angelijua. Mwezi Machi 2023 kulizuka mjadala mkubwa juu ya simu za Samsung. Mtumiaji mmoja alichukua picha ya mwezi, akaifanya iwe na ukungu hata alama zake zisionekane, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, kisha akaipiga kwa simu hiyo kutoka mbali. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo katika kile ilichokitazama hayakuwepo. Kampuni ilieleza kuwa simu huunganisha picha kadhaa, kisha programu iliyofundishwa kuutambua mwezi huongeza umakini wa sura yake.

Tofauti ni kubwa. Kijana wetu alifuta vumbi kwenye kioo ili kilicho nyuma yake kionekane. Simu ile ilijua kinachotarajiwa kuwepo, ikakichora. Na huenda ilichora sawasawa, maana mwezi ndivyo ulivyo. Lakini aliyeshika simu hakushuhudia, aliambiwa. Mwenye kusema "nimeona" ilhali ameambiwa, ushahidi wake una ila hata kama maneno yake yamelingana na kweli.

Na hata picha ya kweli haijibu kila swali. Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault, akiwa Elancourt karibu na Paris, alipiga picha ya mwezi mchana, katika dakika ileile ya kukutana kwake na jua, kwa kutumia mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Huo ulikuwa ndio mwezi wa Ramadhani ya mwaka 1434 Hijria, na Saudi Arabia ilianza kufunga tarehe 10. Hilali ile ilikuwepo, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuiona kwa macho. Je, picha hiyo inaingiza mwezi? Wanaofungamanisha hukumu na kuona kwa macho wana jibu lao, na wanaokubali hesabu wana lao. Mimi sina mamlaka ya kuwahukumu. Ninachosema ni kwamba kabla ya kugombana juu ya picha, tuulizane kwanza tunaiuliza nini: kwamba kitu kipo, au kwamba kimeonekana?

Tulipoachana

Jumamosi iliyofuata nilisafiri kwenda anakoishi ustadhi yule. Nilikuwa nimeahirisha safari ile kwa muda mrefu, nikijidanganya kuwa istighfari inatosha. Lakini haki ya mja haifutiki kwa istighfari pekee mpaka mwenyewe aombwe radhi na kilichoharibiwa kitengenezwe kadiri inavyowezekana. Alinikaribisha chai. Nilipomaliza kusema, alikaa kimya, kisha akaniuliza kama wale wazazi niliowatumia ujumbe ule niliwahi kuwatumia na matokeo ya kamati. Sikuwa nimewatumia. Nilifanya hivyo palepale kwenye mkeka wake, mbele ya macho yake. Wengi hawakujibu. Uongo uliwafikia kwa siku moja, na sahihisho sijui kama limewafikia hadi leo.

Niliporudi barazani nilimweleza Babu habari za chenga, za ndoo za mvua na za picha ya giza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na hilo kwake ni jambo adimu. Kisha akamgeukia kijana.

"Hizo thelathini na sita, bado unazo? Moja moja?"

"Ninazo zote, Babu."

"Na zile ulizofunika?"

"Nazo ninazo."

Babu akanyoosha mkono. "Basi lete hiyo picha niitazame tena. Na hizo nyingine usizifute, maana siku mtu akikuuliza, hizo ndizo zitakazokusemea."

Wallahu a'lam.